"Sifa" na "Kumbukumbu" katika Vitabu vya Mafundi

Zipo mashine nyingi siku hizi zenye kompyuta ndogo tumboni mwake: mita za umeme, vipimajoto, mashine za kupimia shinikizo la damu. Tafsiri za vitabu vya mafundi wa mashine hizo zinazotufikia zimeandikwa, kwa jumla, kwa Kiswahili safi, na juhudi hiyo twaipongeza. Hata hivyo zimo istilahi mbili ambazo, kwa maoni yetu, humpoteza fundi.

Ya kwanza ni "sifa". Watafsiri wameitumia kwa maana ya kazi mojamoja ambayo programu yaweza kuifanya, na hivyo fundi huambiwa "aondoe sifa zisizohitajika". Sifa, mbali na kusifiwa, ni hali isiyotengana na kitu, kama weupe wa chumvi. Kinachozungumzwa hapa ni kitu chenye mipaka, kinachotiwa na kutolewa. Tuchukue BusyBox, iliyoanzishwa na Bruce Perens mwaka 1995 ili amri muhimu za Linux zienee katika disketi moja. Amri hizo hukusanywa katika faili moja, na mjenzi huzichagua kabla ya programu kuundwa; ile isiyochaguliwa haiingii wala haichukui nafasi. Twashauri "kipengele". Neno hili limekwisha kuzoeleka katika mikataba, ambako kipengele huongezwa na kufutwa bila mtu kushangaa.

Ya pili ina madhara zaidi. "Kumbukumbu" imebebeshwa vitu viwili. Katika kidhibiti cha ATmega328P, kwa mfano, kuna kilobaiti 32 za kuhifadhia programu, ambazo hazipotei umeme ukikatika, na kilobaiti 2 tu za kufanyia kazi, ambazo husahau kila kitu umeme ukizimwa. Kitabu kisemapo "kumbukumbu imejaa", ni ipi? Maneno ya kuonyeshwa kiooni, yasipowekwa kwa namna maalumu, hukaa katika nafasi ya kwanza na tena hunakiliwa katika ya pili kila mashine iwashwapo. Kauli "Hitilafu ya kipimajoto" huchukua baiti 23, pamoja na ile ya kufungia. Kauli 90 za urefu huo zazidi kilobaiti 2 zote, ilhali zile 32 zingali na nafasi tele. Fundi asiyeelezwa tofauti hiyo huenda akaondoa king'ora cha tahadhari ili kuokoa nafasi ambayo haikupungua, na mashine ikaendelea kukwama, sasa bila king'ora.

Twapendekeza "hifadhi" kwa nafasi ya kwanza na "kumbukumbu ya kazi" kwa ya pili. Kwa kweli neno kumbukumbu lingefaa zaidi ile ya kwanza, maana kumbukumbu za mkutano hutunzwa miaka na miaka. Ajabu ni kwamba limeiangukia ile isahauyo. Lakini matumizi yamekwisha kuenea, na kuyageuza leo kungezidisha vurugu.

Ama "mfumo pachikwa", hatuoni sababu ya kuning'iniza shina la kitenzi cha kutendwa bila kiambishi chochote, maadamu tunalo umbo lililozoeleka katika "silabi funge". Watafsiri wajaribu "mfumo pachike" katika matoleo yao yajayo, nasi tutapokea maoni ya mafundi wenyewe kabla ya kulipeleka neno hilo kusanifishwa.