Maandalizi ya Nyumba ya Kuuzwa Dar es Salaam

Nyumba inayouzwa Dar es Salaam hutazamwa kwa shaka kwanza, macho baadaye. Mnunuzi anayeingia getini hajafika bado kwenye ukubwa wa sebule; anataka kujua kama anayeuza ndiye mwenye mali, kama maji huingia ndani wakati wa masika, na kama barabara haitapitishwa juu ya jiko. Si bure kwamba maneno "NYUMBA HII HAIUZWI" yamejaa kwenye kuta za mitaa mingi ya jiji. Baadhi huandikwa na ndugu wanaogombania mirathi, mengine na wenye nyumba waliochoshwa na matapeli wanaouza mali za watu. Kuandaa nyumba kwa ajili ya mauzo katika mji wa namna hiyo ni kuondoa shaka moja baada ya nyingine. Mapambo huja mwisho.

Huko Marekani mpangilio ni tofauti. Kazi ya kupamba nyumba ili iuzike inahusishwa zaidi na Barb Schwarz, mbunifu wa mapambo ya ndani aliyegeukia uuzaji wa nyumba katika eneo la Seattle na kuanza kuieneza mwaka 1972. Leo kampuni hukodisha makochi, picha za ukutani na hata mashuka kwa nyumba tupu mpaka ipate mteja. Mfumo huo unasimama kwa sababu kule kuna kampuni za bima ya umiliki na wakaguzi wa majengo wanaobeba sehemu kubwa ya wasiwasi wa mnunuzi. Pasipo watu hao, kochi la kukodi halisaidii kitu.

Dar es Salaam, basi, kazi huanzia kwenye jalada la hati. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na anachouza mwenye nyumba iliyopimwa ni haki ya kumiliki kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya 1999, kwa kawaida ya miaka 33, 66 au 99, pamoja na jengo lililo juu yake. Hati yenye jina la marehemu haitembei mpaka mahakama imthibitishe msimamizi wa mirathi. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Ndivyo kinavyoagiza kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, hata kama hati ina jina moja tu. Muuzaji makini huomba upekuzi wa hati yake mwenyewe kwa msajili kabla mnunuzi hajafanya hivyo, maana mkopo wa benki uliokwishalipwa lakini rehani yake haijafutwa kwenye daftari unaweza kukwamisha mauzo kwa miezi. Stakabadhi za kodi ya pango la ardhi huwekwa pamoja na hati. Kodi ya majengo, tangu mwaka 2021, hukatwa kupitia mita za LUKU, kwa hiyo deni lake hujitokeza mtu anaponunua umeme. Mnunuzi mjanja huomba kuona risiti ya karibuni ya LUKU kabla ya kuomba kuona chumba cha kulala.

Mipaka nayo husafishwa kwa jembe. Majani hufyekwa mpaka mawe ya mipaka yaonekane, na majirani hupewa taarifa mapema, kwa sababu mnunuzi atawauliza wao kabla ya kumwamini dalali. Kwenye nyumba zilizo kandokando ya barabara kuu kuna jambo la ziada: Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Nyumba iliyowahi kupigwa X nyekundu ya kubomolewa haifichiki kwa rangi mpya. Mtaa mzima unakumbuka.

Baada ya karatasi huja kuta, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea bure. Katika nyumba za bloku za saruji, hasa zilizo karibu na bahari au kwenye maeneo yenye maji ya ardhini yaliyo juu kama Mikocheni, sehemu ya chini ya ukuta hubabuka, huvimba na kutoa unga mweupe. Unga huo ni chumvi. Maji hupanda kutoka kwenye msingi kupitia vitundu vidogo vya tofali, huyeyusha chumvi iliyomo, kisha hukauka kwenye uso wa ukuta na kuiacha hapo. Chumvi inapoganda huisukuma rangi na lipu kutoka ndani. Mara nyingi chanzo ni mkanda wa nailoni wa kuzuia unyevu uliorukwa au kutobolewa wakati wa kujenga msingi, na pale fundi alipotumia mchanga wa baharini tatizo huongezeka, kwa kuwa chumvi ilikuwemo tangu siku ya kwanza.

Dawa inayopendwa ni kupiga rangi ya mafuta juu ya doa. Kwa wiki chache ukuta hung'aa, kisha unyevu uliozibiwa njia hupanda na kutokea juu ya mstari wa rangi ile, mara nyingi mnunuzi akiwa bado anajadili bei. Utaratibu unaofaa ni wa polepole. Lipu hubanduliwa mpaka kiasi cha nusu mita hadi mita moja juu ya doa, tofali huachwa wazi zikauke, chumvi hukwanguliwa kwa brashi kavu bila kuoshwa kwa maji, kisha lipu mpya hupigwa kwa mchanga safi wa mtoni. Nje, udongo uliorundikwa ukapita usawa wa msingi hushushwa, na maua yanayomwagiliwa kila jioni chini ya dirisha huhamishwa. Lipu mpya ya saruji inahitaji takriban wiki nne kabla ya kupakwa rangi. Ikipakwa mapema, ukali wa saruji hula rangi na mabaka hurudi. Asiye na wiki nne afadhali auache ukuta wazi, amweleze mnunuzi ukweli na kupunguza bei. Doa linaloelezwa hupunguza bei mara moja, lakini lililofichwa likigunduliwa hutia shaka nyumba nzima.

Paa hukaguliwa wakati mmoja na kuta, maana doa la kahawia kwenye dari ya jipsamu humpeleka mnunuzi moja kwa moja kwenye bati. Misumari iliyolegea hubadilishwa, mifereji ya maji ya mvua huzibuliwa.

Harufu mara nyingi husahauliwa na wakaaji, kwa kuwa pua zao zimeshaizoea. Choo cha chumba cha wageni kisichotumika hunuka hata kama kimesuguliwa, na sababu yake ni ndogo: maji yaliyokaa kwenye kona ya bomba chini ya tundu la sakafu, ambayo kazi yake ni kuzuia hewa ya shimo isipande, yamekauka. Nusu ndoo ya maji ikimiminwa kwenye kila tundu siku moja kabla ya wanunuzi kufika, harufu hukoma. Chemba zilizopasuka mifuniko hufunikwa upya. Udi una heshima yake katika nyumba za pwani, ila siku ya kuonyesha nyumba uchomwe kidogo au usichomwe kabisa. Moshi mzito humfanya mnunuzi aanze kunusa kilicho nyuma yake.

Hapo ndipo rangi na fanicha hupata nafasi. Rangi ya maji ya krimu au nyeupe iliyopoa hurudisha mwanga kwenye vyumba ambavyo nondo za madirisha na nyavu za mbu zimevitia giza, na kufua nyavu hizo huongeza mwanga kwa gharama ya sabuni tu. Sebule nyingi za mjini hubeba seti ya makochi makubwa kuliko chumba, pamoja na kabati la vyombo na meza mbili za kioo. Kuondoa kochi moja na kuacha njia ya kiasi cha sentimita 90 kutoka mlangoni hadi korido kunaonyesha ukubwa halisi wa chumba kuliko maneno ya dalali. Kutoa kila kitu si suluhisho pia: chumba kitupu huonekana kidogo, sauti hurudi ukutani, na kila ufa hupata mtazamaji.

Nyumba yenye wapangaji ina ugumu wake. Mpangaji aliyeambiwa kwa kushtukizwa kwamba nyumba inauzwa hatafagia ua, na akiulizwa kuhusu maji atasema yote, pamoja na yasiyokuwepo. Kumpa notisi kwa mujibu wa mkataba wake na kukubaliana naye saa za wanunuzi kuja kutazama ni sehemu ya maandalizi kama ilivyo rangi.

Picha hupigwa mwisho, asubuhi, mapazia yakiwa wazi na taa zimewashwa, simu ikishikwa usawa wa kifua kutoka kwenye kona. Lenzi pana kupita kiasi hulifanya jiko lionekane ukumbi, na mteja anayefika kwa bodaboda kutoka Mbagala kuja kuona jiko la hatua tatu huondoka akiwa amekasirika. Picha moja ya ua iliyopigwa mara baada ya mvua kubwa, ardhi ikiwa imenyonya maji, ina uzito kuliko kumi za sebule.

Katika kazi yote hii, risiti za mashine za mafundi, saruji, bati na matangazo hutunzwa. Mkazi anayeuza nyumba kwa kawaida hutozwa kodi ya asilimia 10 ya faida, na gharama za kuboresha na kukarabati zenye uthibitisho huhesabiwa upande wa gharama kabla ya faida kupatikana. Zisipokuwa na risiti, mamlaka ya kodi haina sababu ya kuzikubali.