Saa ya Jaribio la Havana: Namba za Chanjo ya Saratani ya Mapafu Zilivyopatikana

Kwa miaka mingi wagonjwa wa saratani ya mapafu nchini Cuba wamekuwa wakidungwa chanjo iitwayo CIMAvax-EGF, iliyotengenezwa katika Kituo cha Elimu ya Kinga ya Molekuli, CIM, jijini Havana. Chanjo hii haimkingi mtu mzima wa afya asipate saratani. Hupewa mgonjwa ambaye tayari ana uvimbe, mara nyingi uliokwisha sambaa, ili kuuchelewesha. Sifa zake zimevuka bahari, na wagonjwa kutoka nchi nyingine hufunga safari kwenda kuitafuta. Wanaoisifu hutaja miezi iliyoongezeka, wanaoitilia shaka hutaja miezi hiyohiyo na kusema ni michache. Wachache huuliza miezi hiyo ilianza kuhesabiwa siku gani, na nani alilazimika kuwa hai ili aingie kwenye hesabu. Kwa maoni yangu hilo ndilo swali kubwa katika utafiti huu.

Tuanze na chanjo yenyewe, maana wazo lake ni zuri kweli. EGF ni protini ndogo ya asidi amino 53 ambayo mwili hutumia kuziamuru seli zikue na kugawanyika. Aliyeigundua ni Stanley Cohen, na ugunduzi huo ulimpatia Nobeli mwaka 1986 pamoja na Rita Levi-Montalcini. Seli nyingi za saratani ya mapafu zimejaa vipokezi vya EGF kwenye ngozi yake ya nje, na kila EGF inapotua kwenye kipokezi, seli hupata amri nyingine ya kuzaana. Madawa ya makampuni makubwa hushambulia kipokezi. Watafiti wa Havana, chini ya Agustín Lage aliyekiongoza kituo hicho kwa miaka mingi, walichagua kuiondoa EGF yenyewe kwenye damu, na kazi hiyo ifanywe na kingamwili za mgonjwa mwenyewe.

Ugumu ulikuwa kwamba EGF ni mali ya mwili, na kinga ya mwili imefundishwa kutoigusa. Kwa hiyo waliiunganisha na P64K, protini ya bakteria wa homa ya uti wa mgongo, ambayo kinga huitambua mara moja kuwa ni adui. Mchanganyiko huo husukwa pamoja na mafuta maalumu, Montanide, mpaka uwe rojo zito linalokaa kwenye msuli na kuachilia chanjo polepole. Mgonjwa hudungwa sehemu nne kwa siku moja, mabega yote mawili na matako yote mawili. Dozi nne za kwanza hutolewa kila baada ya wiki mbili, kisha moja kila mwezi. Ratiba hiyo ikumbukwe, kwa sababu dozi ya nne huangukia wiki ya sita, na wiki sita katika ugonjwa huu si muda mfupi.

Jaribio la awamu ya pili lilichapishwa mwaka 2008. Lilikuwa na wagonjwa 80 waliokwisha maliza tiba ya kemikali ya kwanza, wakagawanywa kwa bahati nasibu: nusu chanjo, nusu huduma ya kawaida. Kwa wagonjwa wote kwa pamoja, tofauti ya muda wa kuishi haikufikia kiwango cha kitakwimu cha kuaminika. Walio chini ya miaka 60 walionyesha tofauti: nusu ya waliochanjwa waliishi zaidi ya miezi 11.57, na kwa wasiochanjwa kiwango hicho kilikuwa miezi 5.33. Lakini namba iliyopendwa zaidi ilikuwa nyingine. Miongoni mwa waliochanjwa, wale ambao miili yao ilitoa kingamwili nyingi walifika miezi 11.7, na waliotoa chache wakaishia 3.6. Mtu akiisoma kwa haraka atasema basi, kingamwili ndizo zilizowaokoa.

Hapa ndipo saa inapoanza kutudanganya. Kingamwili hazipandi siku ya sindano ya kwanza, hupanda dozi baada ya dozi. Mgonjwa aliyefariki mwezi wa pili alikuwa amepata dozi nne hivi, na hakuwa na nafasi ya kupanda hadi kiwango cha juu hata kama chanjo ilikuwa inafanya kazi ndani yake. Amewekwa kwenye kundi la "kingamwili chache" kwa sababu alikufa mapema, kisha tunaambiwa alikufa mapema kwa sababu kingamwili zilikuwa chache. Isitoshe, mgonjwa mwenye nguvu, anayekula na kutembea, ndiye pia mwenye kinga inayoitikia chanjo vizuri. Huenda kingamwili zilisaidia. Siku zote nimeona jambo hilo linawezekana. Ila ulinganisho wa miezi 11.7 na 3.6 hauwezi kuthibitisha hivyo, kwa sababu makundi hayo mawili hayakuundwa kwa bahati nasibu. Yaliundwa na muda wenyewe tunaotaka kuupima.

Awamu ya tatu, iliyochapishwa mwaka 2016, ilikuwa kazi kubwa zaidi: wagonjwa 405, wawili wakipewa chanjo kwa kila mmoja asiyepewa, yaani 270 kwa 135. Wote walikuwa na ugonjwa wa hatua za juu, na wote walikuwa wamevuka tiba ya kemikali. Hakukuwa na sindano bandia. Mgonjwa alijua yuko upande gani, na daktari wake pia alijua. Kwa kipimo cha kifo jambo hili halina uzito kama lingekuwa nalo kwa kipimo cha maumivu, maana kifo hakibadiliki kwa matumaini ya mtu. Hata hivyo, anayerudi kliniki kila mwezi kwa ajili ya sindano huangaliwa kila mwezi, kikohozi chake kikasikika na homa yake ikatibiwa. Asiyerudi huugulia nyumbani. Cuba ina madaktari wengi mitaani kuliko nchi nyingi, na labda hilo lilipunguza pengo, lakini njia ya kuliziba kabisa ilijulikana: mdunge kila mtu, wengine chanjo na wengine mafuta matupu.

Matokeo yalitolewa kwa njia mbili. Ukiwahesabu wagonjwa kwa upana zaidi, muda wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 10.83 kwa waliochanjwa na 8.86 kwa wasiochanjwa. Ukiwachukua waliokamilisha dozi za mwanzo, zile nne, ni miezi 12.43 kwa 9.43. Waandishi wa habari hupenda namba za pili kwa sababu pengo linafika miezi mitatu. Mimi naziamini zaidi za kwanza. Kudai dozi nne ni sawa na kuchekecha nafaka: walio dhaifu kabisa, waliofariki au kushindwa kabla ya wiki ya sita, huanguka chini ya chekeche na hawaonekani tena. Tazama kwamba kundi lisilochanjwa nalo lilipanda, kutoka 8.86 hadi 9.43, na kundi hilo halikupata chochote kipya. Kupanda huko ni kwa chekeche tupu. Kwa hiyo sehemu fulani ya kupanda kwa waliochanjwa nayo ni ya chekeche, na kinachobaki kwa chanjo ni karibu miezi miwili.

Miezi miwili hiyo siidharau. Katika ugonjwa huu, na kwa chanjo ambayo madhara yake yaliyoonekana zaidi yalikuwa maumivu mahali pa sindano, homa, kutapika na kichwa kuuma, ni kitu. Tena muda wa kati hauelezi mkia wa hesabu. Baada ya miaka 5 walikuwa hai asilimia 14.4 ya waliochanjwa na asilimia 7.9 ya wengine. Chanjo za aina hii huchelewa kuanza kazi, hivyo mistari miwili ya vifo hutembea pamoja mwanzoni na kuachana baadaye, na mwishoni ndipo faida hutafutwa. Tatizo ni uchache wa watu. Kundi lisilochanjwa lilianza na watu 135 tu, na asilimia 7.9 yao haizidi watu 11. Wanne au watano zaidi wa kundi hilo wangeishi kwa sababu yoyote, nusu ya tofauti hiyo ingepotea.

Kisha kuna dai lenye mvuto kuliko yote. Waliochanjwa ambao damu yao ilikuwa na EGF nyingi tangu mwanzo walifika miezi 14.66, na wasiochanjwa wenye EGF nyingi walikuwa na hali mbaya. Dai hili halina kasoro ya saa, kwa kuwa EGF ilipimwa kabla ya chanjo, na linaafikiana na wazo la msingi: anayelishwa sana na EGF ndiye anayefaidika inapoondolewa. Ningeweka matumaini yangu hapa. Lakini nenda maabara uone kipimo chenyewe. EGF nyingi ya damu hukaa ndani ya chembe sahani, zile zinazogandisha damu, na humwagwa damu inapoganda. Fundi wa maabara akiiacha chupa mezani muda mfupi kabla ya kuizungusha kwenye mashine, atapata kiasi fulani cha EGF; akiiacha saa kadhaa, atapata zaidi, kutoka kwa mgonjwa yuleyule, asubuhi ileile. Mgonjwa mwenye chembe sahani nyingi, jambo la kawaida katika saratani ya mapafu na dalili mbaya kwake, naye ataonekana ana EGF nyingi. Bila kufunga muda wa kuganda kwa kila kituo, mpaka kati ya "nyingi" na "kidogo" unategemea pia saa ya ukutani ya maabara.

Na dai la kundi dogo lina historia ya kutisha katika fani hii. Jaribio la START la tecemotide, chanjo nyingine ya saratani ya mapafu, lilikuwa na kila ninachokililia hapo juu: sindano bandia, usiri kwa pande zote, na wagonjwa 1,239 kwenye uchambuzi mkuu. Mwaka 2014 lilionyesha miezi 25.6 kwa 22.3, tofauti isiyothibitika. Ndani yake, waliopata mionzi na dawa za kemikali kwa wakati mmoja walionyesha 30.8 kwa 20.6, pengo la kumfanya mtu asimame. Kampuni ya Merck ya Ujerumani ilianzisha jaribio jipya kwa kundi hilo tu, kisha ikalifunga mwaka huohuo wa 2014 baada ya utafiti wa Japani kushindwa.

Dai la Havana nalo linahitaji jaribio lake la kulithibitisha, na wakati haukusubiri. Mwaka 2015 dawa ya nivolumab iliidhinishwa Marekani kwa saratani ya mapafu, na tangu hapo mgonjwa anayevuka tiba ya kwanza ana dawa ambazo wale 135 hawakuwa nazo. Kituo cha Roswell Park cha Buffalo, New York, kilipata ruhusa mwaka 2016 ya kuijaribu CIMAvax pamoja na nivolumab, katika awamu za mwanzo zinazouliza kwanza usalama na dozi. Jaribio litakalotoa jibu lingegawa kwa bahati nasibu watu wenye EGF nyingi peke yao, damu zao zikiwa zimeganda kwa dakika zilezile kila kituo, wote wakiwa kwenye dawa ya kisasa, nusu wakidungwa chanjo na nusu mafuta matupu sehemu nne zilezile, na saa ikianza kwa kila mmoja siku jina lake linapotoka kwenye bahati nasibu, hata kama atafariki kabla ya sindano ya pili.