Sikio la Mhakiki: Wanawake wa Heri wa Winsa na Suala la Lugha Jukwaani

Mwezi Aprili 2012, kundi la waigizaji kutoka Kenya liliigiza kwa Kiswahili tamthiliya ya Shakespeare, The Merry Wives of Windsor, katika ukumbi wa Globe jijini London. Tafsiri ilikuwa ya Joshua Ogutu, nayo ilipewa jina la Wanawake wa Heri wa Winsa. Nafasi ya Falstaff iliigizwa na mshairi wa Tanzania, Mrisho Mpoto. Onyesho hilo lilikuwa sehemu ya tamasha lililoleta jukwaani tamthiliya 37 kwa lugha 37. Waandaaji hawakuweka tafsiri ya mazungumzo. Skrini zilitoa tu muhtasari wa matukio kwa Kiingereza. Kwa hiyo, mhakiki yeyote aliyedhamiria kulifuatilia tamasha zima alilazimika kutoa hukumu juu ya kazi zilizosemwa kwa lugha asizozijua. Hali hiyo inazua swali la msingi kwa uhakiki wa sanaa za maonyesho: mhakiki asiyeielewa lugha ya jukwaani anahakiki nini hasa?

Kujibu kwamba hahakiki chochote si haki. Tamthiliya hii ina mengi ya kutazamwa. Falstaff, mwungwana aliyeishiwa, anawatongoza wake wa matajiri wawili kwa kutamani fedha za waume zao, na mara tatu anaaibishwa: anafichwa ndani ya tenga la nguo chafu na kumwagwa mtoni, anavishwa nguo za kikongwe na kupigwa, na mwishowe anatokea msituni akiwa na pembe kichwani. Vituko hivyo havihitaji mkalimani. Mhakiki makini anaweza kupima mwendo wa mwigizaji, matumizi ya jukwaa, kasi ya matukio na mwitikio wa hadhira, hasa katika ukumbi wa Globe ambamo watazamaji wengi husimama karibu kabisa na waigizaji.

Hata hivyo, tamthiliya hiyo hiyo imejengwa kwa lugha kuliko vituko vyake vinavyodokeza. Sehemu yake kubwa ni nathari, si ushairi. Ndani yake mna kasisi kutoka Wales na tabibu Mfaransa wanaochekesha kwa jinsi wanavyokitamka Kiingereza, pamoja na Bi. Quickly anayeyavuruga maneno asiyoyajua vizuri. Mtego unaomnasa Falstaff nao huanza kwa maneno: anawaandikia wanawake wale barua mbili zinazofanana, isipokuwa majina. Ucheshi wa tukio hilo umo katika kuisikia kauli ile ile ikirudi. Asiyeelewa maneno huona karatasi mbili na nyuso mbili zilizokasirika, basi.

Uzito wa suala hili unaonekana hata katika jina la tafsiri. Jina la Kiingereza linataja wake, yaani wanawake kwa uhusiano wao na waume. Jina la Kiswahili linataja wanawake. Tena, sifa waliyopewa na Shakespeare ni ya uchangamfu na utani, ilhali neno heri hubeba baraka, amani na wema. Katika tamthiliya asilia, hoja ya wanawake hao ni kwamba mke anaweza kuwa mcheshi na bado akawa mwaminifu. Jina la Kiswahili limeutanguliza wema na kukiacha kicheko kidhihirike chenyewe jukwaani. Je, uteuzi huo uliendelezwa katika mazungumzo, au uliishia kwenye jina? Aliyekuwa ukumbini bila kukijua Kiswahili hawezi hata kuliuliza swali hilo.

Ndivyo ilivyo pia kuhusu lafudhi. Falstaff ni mgeni katika mji wa Windsor, na anajiona bora kuliko wenyeji. Kumweka Mtanzania katika nafasi hiyo, miongoni mwa waigizaji wa Kenya, ni jambo ambalo hadhira ya Afrika Mashariki haiwezi kulipokea bila kulipa maana. Linagusa masihara ya siku nyingi kati ya nchi hizo mbili kuhusu nani anayekijua Kiswahili zaidi. Huenda waongozaji walikusudia hivyo, huenda hawakukusudia. Maana ya jukwaani haitegemei kusudio pekee. Kwa mtazamaji asiyeitambua tofauti ya lafudhi, tabaka zima la maana hiyo halikuwapo.

Lakini lawama haziwezi kuishia London. Wahakiki wenye sikio hilo wamezoea kuikabili tamthiliya kama kitabu. Mfano ni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969. Uhakiki wake mwingi umejikita katika dhamira, wahusika na historia ya Vita vya Maji Maji. Ni nadra kukuta uchambuzi wa jinsi mwigizaji fulani, katika onyesho fulani, alivyoitoa sauti ya Kinjeketile aliyepandwa na Hongo, au jinsi hadhira ilivyoipokea. Mitihani ya shule imeimarisha mazoea hayo, kwani humtaka mwanafunzi ajibu kutokana na kitabu. Matokeo yake ni kwamba onyesho la Kiswahili huandikiwa ama na mtu aliyeliona bila kulielewa, ama na mtu anayekielewa kitabu bila kuliona onyesho.

Pengo hilo haliwezi kuzibwa na mkanda wa video peke yake. Mkanda huhifadhi sauti, lakini hauelezi kwa nini hadhira ilicheka kwa neno lile na si kwa jingine. Hiyo ni kazi ya mhakiki. Tahakiki ya onyesho la Kiswahili inapaswa kubainisha ukumbi na tarehe, kutenganisha alichokiandika mfasiri na alichokiongeza mwigizaji, kueleza lafudhi na viwango vya heshima katika mazungumzo, na kukiri waziwazi mipaka ya mhakiki mwenyewe. Kwa Wanawake wa Heri wa Winsa, kazi hiyo ianze kwa kuwahoji waigizaji, mfasiri na watazamaji waliokijua Kiswahili. Ikicheleweshwa, onyesho hilo litabaki katika kumbukumbu kwa tenga na pembe zake, na Kiswahili chake kitakuwa kimesahaulika.