Ufundi Unaoanzia Kwenye Bomba

Mpimaji hodari wa maji hutambulika pale bombani, hata kabla hajarudi maabara. Huvua kipande cha mpira kilichofungwa mdomoni mwa koki, hufuta uchafu, huacha maji yatiririke kidogo, hufunga, huunguza chuma kwa moto, hufungua tena. Kifuniko cha chupa hakiweki chini. Hukishika kwa vidole, ndani yake kumeelekea ardhini. Chupani mna thiosulfeti ya sodiamu ya kuizima klorini, la sivyo ingeendelea kuua bakteria njiani na kutupa jibu tamu la uongo. Sampuli huwekwa kwenye barafu, na ni vyema ipimwe ndani ya saa 6.

Maabara, mililita 100 huvutwa kwa pampu kupitia utando mweupe wenye matundu ya mikromita 0.45. Maji hupita, bakteria hubaki juu. Koleo iliyopitishwa motoni hushika ukingo tu wa utando na kuulaza polepole kwenye pedi iliyomo sahanini, iliyolowa mchuzi wa lishe, kuanzia upande mmoja, ili hewa isinaswe. Palipo na kiputo mchuzi haufiki, na pasipofika mchuzi hapaoti kitu.

Hatua inayofuata ndiyo inayonivutia zaidi. Bakteria waliojeruhiwa na klorini wakitiwa moja kwa moja kwenye nyuzi 44 hufa bila kuonekana. Kwa hiyo huachwa kwanza saa kadhaa kwenye joto la wastani, wapate nafuu. Adui anauguzwa ili aweze kuhesabiwa! Ndipo joto hupandishwa, na kolifomu za kinyesi, zinazolistahimili, hula sukari ya maziwa iliyomo mchuzini na kutoa asidi. Wekundu wa mchuzi hugeuka madoa ya manjano zilipo. Madoa hayo huhesabiwa mara tu sahani zinapotoka kwenye joto, kwa kuwa rangi huweza kubadilika zikipoa.

Shirika la Afya Duniani linataka E. coli, aliye miongoni mwa kolifomu hizo, asipatikane kabisa katika mililita 100 za maji ya kunywa. Lakini sahani tupu haiaminiwi hivi hivi. Pembeni yake huwapo sahani ya maji yaliyotakaswa, ambayo haipaswi kuota kitu, na nyingine yenye bakteria wanaojulikana, ambayo lazima iote. Ile ya kwanza ikionyesha doa moja tu, majibu ya siku nzima hutupwa na sampuli huchukuliwa upya, hata kama mwenye kisima amekwisha kufika mlangoni kuulizia.