Ubao Uliong'olewa

Matondoni, katika kisiwa cha Lamu, jahazi bovu husubirishwa bamvua. Maji yakijaa sana husogezwa pwani kadiri litakavyofika, na yakipwa hubaki limelala ubavu mchangani, tayari kwa fundi.

Kazi inayofuata, kwa macho ya mgeni, ni uharibifu mtupu. Fundi anagongagonga mbao moja baada ya nyingine huku ametega sikio. Ubao mzima hulia. Uliooza huitika kizito, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Akiupata haubembelezi. Misumari inang'olewa, ubao unabanduliwa, na ubavuni mwa chombo linabaki tundu la kupita mtoto. Mwenye jahazi husimama kando, mikono nyuma. Wengine hushindwa kutazama, wakaenda zao kunywa kahawa.

Ubao mpya ukishakaa, inakuja kalafati, na hapa ndipo ninapopenda kukaa kitako nikatazama. Pamba iliyolowekwa mafuta inasokotwa kwa vidole, inalazwa kwenye ufa kati ya ubao na ubao, inasindiliwa kwa patasi butu na nyundo ya mti. Si kazi ya nguvu. Pamba ikilegea, maji yataingia. Ikizidi, mbao zikivimba baharini zitasukumana mpaka misumari iachie. Kwa hiyo fundi hugonga, husikiliza, hugonga tena, na hasogei mpaka mlio wa nyundo ubadilike uwe mkavu. Anafanya hivyo ufa mzima, kutoka omo hadi tezi, kisha anarudi kwenye ufa wa pili. Chini hupakwa deheni, shahamu iliyochanganywa na chokaa, na hiyo kwa kweli hata kijana anayejifunza anaiweza.

Ni vigumu kutazama ubao ukibanduliwa usikumbuke Sura ya Al-Kahf, ambayo wengi pwani huisoma kila Ijumaa. Musa anafuatana na mja mwenye elimu, yule ambaye hadithi za Mtume zinamwita Khidhri. Wanapanda chombo cha maskini, na mwenzake anakitoboa. Musa, nabii mzima, anashindwa kunyamaza. Baadaye ndipo anapoelezwa: mbele kulikuwa na mfalme anayepora kila chombo kizima, na kile chenye kasoro kingemponyoka.

Kisa hiki husimuliwa sana kwenye misiba, na mara nyingi kwa haraka mno. Mtu hajamaliza kulia, keshaambiwa kuna kheri ndani yake. Lakini aliyepewa maelezo ni Musa, abiria tu. Wenye chombo hatusikii kwamba walielezwa lolote. Wao walibaki na tundu, na maji, na riziki yao hatarini. Naona kumtegemea Mungu wakati wa shida kunafanana zaidi na hali yao kuliko ya Musa: kukubali kwamba yupo aonaye mbele ya upeo wako, bila wewe kuonyeshwa huyo mfalme. Na anayemwambia mwenzake sababu ya msiba wake anajivika kanzu ya Khidhri bila elimu ya Khidhri. Afadhali ashike nyundo amsaidie kuziba.

Maana tundu lilizibwa kweli. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwamba walipompita mfalme walikitengeneza chombo chao, wakaendelea kunufaika nacho. Wapokezi wanahitilafiana: wapo wanaosema waliziba kwa chupa, wengine kwa lami.

Fundi mmoja niliyemtajia jambo hili aliweka patasi chini kwanza.

"Chupa?" akasema. "Sheikh wangu, chupa haishiki ubao. Hiyo ilikuwa lami, na chini yake waliweka pamba."

Akalirudia jahazi. Maji yalikuwa yameanza kujaa, na alikuwa bado na ufa mmoja.