Ramani ya Nchi ya Kubuni Huanza na Maji

Mwaka 1856 ilichapwa London ramani ya wamisionari Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, ambayo ndani yake bara letu limejaa bahari moja kubwa yenye umbo la koa. Na asili yake ni kwamba Erhardt, alipokuwa akikaa Tanga, aliwahoji wafanyabiashara wa misafara, akasikia kuwa njia zitokazo bandari mbalimbali za pwani huishia kwenye maji mengi, akakata shauri kuwa ni maji yale yale. Wala mashahidi hawakusema uongo, kwani kila mmoja alisimulia ziwa lake. Mwunganishaji ndiye aliyezidisha, hata mwaka 1858, wasafiri Burton na Speke walipofika ziwa Tanganyika, kisha Speke peke yake ziwa Nyanza, ikadhihirika kuwa maziwa ni mbalimbali.

Mtunzi wa hadithi achoraye nchi isiyokuwapo yumo katika hatari iyo hiyo, maadamu hujaza karatasi kwa matamanio yake pasipo kuuliza maji yatoka wapi na yaenda wapi. Akitaka mwalimu, na aitazame nchi ya Singida na jirani zake wa kaskazini, ambako maji ya mvua hayapati njia ya bahari: mto Wembere hupita mbugani ukaingia ziwa Kitangiri, Kitangiri hutoa maji yake kwa mto Sibiti, Sibiti huishia ziwa Eyasi, ambako maji hayana pa kutokea ila kuchukuliwa na jua, nalo jua huiacha chumvi nyuma. Ndivyo yalivyo maziwa ya Singida na Kindai, ambayo hayana mto uyatoao.

Basi utaratibu ni huu: kwanza nyanyua ardhi, pili amua upepo wa mvua watoka upande gani, kwani ubavu wa mashariki wa Uluguru hunyeshewa sana ilhali nyuma yake ni pakavu, tatu telemsha mito, ikikutana wala isigawanyike, ila karibu na bahari kama Rufiji, nne kila ziwa lipewe mlango mmoja, na lisilo na mlango litiwe chumvi. Hayo yakiisha ndipo waje watu, wakiongozwa na kisima, malisho, chumvi na njia ya biashara, kwa kuwa mji usiokuwa na sababu ya kuwapo hauaminiki, hata ukijengewa minara ya dhahabu.