Heko, Wasoma Mihuri
Sisi tukishasoma barua, bahasha tunaitupa. Mtafiti wa historia ya posta huiokota. Kwake mhuri ni shahidi: tarehe, mji, hata njia ya meli. Chukua Zanzibar. Mwaka 1875 posta yake iliendeshwa na posta ya India, kwa stempu za India. Wafaransa wakafungua yao 1889, Wajerumani wakafuata 1890. Posta tatu za kigeni, mji mmoja! Mwaka 1895 stempu za India zikapigwa chapa ya jina la Zanzibar. Chache zikatoka zimeandikwa “Zanzidar”. Aibu ya mpiga chapa, sherehe ya mtafiti. Heko kwa wasoma mihuri hawa. Nanyi wenye masanduku ya marehemu babu, msichome bahasha kuukuu kabla hawajaziona.